Nyumba Iliyo Karibu na Shule

Indu alisimama mkabala na lango la shule, mkoba kifuani, akiwatazama wasichana wakitoka. Ilikuwa alasiri ya Juni, mwaka 1968. Majengo hakuyatazama; jengo zuri hata gereza linaweza kuwa nalo. Alitazama walichobeba. Mmoja alibeba fidla, mwingine ramani iliyokunjwa ndefu kuliko yeye mwenyewe. Karibu na lango mwalimu wa kike alikuwa amesimamishwa na mtoto mwenye swali, na ingawa manyunyu yalianza kumdondokea kichwani, alilisikiliza swali lile mpaka mwisho kabla ya kujibu. Hapo Indu akaamua.

"Lakini nyumba yenyewe hujaiona, bibi," alisema dalali aliyekuwa akimngoja.

"Nitaiona."

Walikwenda kuiona. Dalali aliwasha sigara langoni pa shule, na walipofika namba kumi na tisa sigara ilikuwa haijafika nusu. Nyumba ilikuwa na unyevu kwenye dari na choo kilichovuta maji kwa malalamiko, ila ukisimama kwenye dirisha la jikoni uliiona saa kubwa ya shule, mishale na yote. Indu alisema wataichukua.

Walikuwa wametua Uingereza Februari, yeye, mumewe Jitendra na binti yao Ranjan, na pasipoti za Uingereza walizokuwa nazo tangu Kisumu, siku chache kabla sheria mpya haijawafungia mlango watu kama wao. Tangu hapo walilala chumba kimoja kwa kaka yake Jitendra huko Kingsbury. Kaka mtu alitaka wanunue palepale: maduka ya dengu na viungo yapo, watu wa kucheka nao wapo. Jitendra naye alitaka. Lakini Indu aliachishwa shule akiwa na miaka kumi na minne, katikati ya muhula, akaolewa, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kukata vitambaa katika duka la baba mkwe. Hakumlaumu mtu kwa sauti. Alisema tu kwamba Ranjan ana miaka kumi na mmoja, na kwamba wao watachagua shule kwanza, kisha wataangalia ni nyumba gani iko karibu nayo.

Walihamia Agosti. Jioni ya kwanza Jitendra alitembea na kandambili mpaka lango la shule, akarudi chai yake ikiwa bado inafuka.

Wiki waliyopeleka jina la Ranjan halmashauri, barabara ilirefuka.

Hawakulijua hilo mpaka siku ya kufungua shule. Indu alimsuka Ranjan nywele mikia miwili, akamvalisha koti jipya la sare, wakatoka. Nyumba yao ilishikana ukuta na ya Bi Doreen, Mwingereza mjane, na bintiye Gillian, rika moja na Ranjan, alitoka baada yao. Aliwasalimu, akawapita, na mara wakamwona anaingia langoni. Wao walikuwa bado wanatembea. Walipita nyumba walizozizoea, kisha nyumba wasizozizoea, kisha sanduku jekundu la posta, kisha viwanja ambamo wazee walikuwa wakipalilia kabichi. Mzee mmoja aliinua kofia, akasema kumekucha vizuri. Walivuka daraja la reli. Walipita kidimbwi chenye mabata. Saa ya shule waliiona mbele yao muda wote, haikui wala haipungui.

Walifika wakati wasichana wanatoka kula chakula cha mchana.

"Mmetoka mbali," alisema karani wa shule, akamletea Ranjan glasi ya maji.

"Tunakaa pale." Indu alinyoosha kidole dirishani. Mapazia yake ya rangi ya chungwa yalionekana wazi. Hata sufuria aliyoianika ilionekana.

Karani alitazama. Alikuwa mwanamke mpole, miwani yake imefungwa kwa mnyororo shingoni. "Mapazia mazuri sana," alisema. "Lakini kwa kweli ni mbali. Sisi tunachukua wanaokaa karibu. Halmashauri watamtuma mtu aje apime."

Walirudi nyumbani kukiwa na giza. Jitendra alikuwa keshaondoka kwenda kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi zamu ya usiku. Yeye aliyekuwa karani wa reli Kisumu, na tai kila siku.

Mtu wa halmashauri alikuja Jumatatu. Aliitwa Bwana Whitcombe, na alikuja na gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu. Kwanza alipima kutoka mlangoni kwa Bi Doreen, akaenda na kurudi kabla Indu hajamaliza kukanda unga. Kisha alipima kutoka mlangoni kwa Indu. Alikuwa mzoefu, kwa maana alichukua mkate wake na chupa ya chai. Alirejea jioni, suruali ina matope hadi magotini na jani la kabichi limemganda kiatuni.

Indu alimkaribisha jikoni, akampa chai ya maziwa yenye tangawizi, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

"Mimi na jirani yangu tunagawana ukuta," alimwambia. "Namsikia akikohoa. Nasikia redio yake. Imekuwaje yeye awe karibu na mimi niwe mbali?"

"Kipimo ndivyo kilivyosema." Bwana Whitcombe alipuliza chai. "Iko hivi, bibi. Watoto wa waliokuja wakizidi theluthi moja ya shule, barabara hurefuka. Si hapa tu. Wazazi wa hapa walikuwa na wasiwasi, unajua. Sasa wametulia."

"Na nani anayeirefusha?"

"Hakuna mtu. Barabara haina ubaya na yeyote. Inarefuka tu."

"Binti yangu amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Muulize lolote."

"Sina shaka nalo hata kidogo. Lakini barabara haimpi mtu mtihani, bibi." Alimtazama kwa huruma ya kweli. "Lipo basi. Litamchukua pale kwenye kona na kumpeleka shule nyingine, upande wa pili wa mji. Shule ile ina nafasi tele."

"Ina nafasi kwa nini?"

Bwana Whitcombe alisema chai ilikuwa nzuri sana, hajawahi kunywa ya namna ile. Alipokwenda zake, Indu alikiosha kikombe alichokitumia, akakikausha kwa kitambaa safi, akakitupa kwenye pipa la taka.

Ni Bi Doreen aliyeleta shauri. Alilisema akichungulia juu ya ua wa nyuma, pini za nguo mdomoni. "Si umbali unahesabiwa kutoka mlangoni kwako? Basi atoke kwangu. Avuke hapa, apite sebuleni, atoke na Gillian kama mtoto wa nyumba hii."

Siku ya pili yake Ranjan alivuka ua, akapita katika sebule ya Bi Doreen iliyonuka nta ya fanicha, wasichana wakashikana mikono wakatoka. Mama zao walisimama kila mmoja kwenye dirisha lake. Waliwaona watoto wakitembea. Waliendelea kuwaona. Gillian alijaribu kukimbia, akimvuta mwenzake, na wote wawili wakakimbia muda mrefu bila kulifikia hata sanduku la posta. Wakafika adhuhuri. Gillian, aliyekuwa hajawahi kuchelewa, aliandikwa mchelewaji na kusimamishwa mbele ya darasa. Ranjan alipewa maji.

Walijaribu tena siku iliyofuata, ikawa vilevile. Siku ya tatu Bi Doreen alikuja kwa mlango wa mbele, amevaa kofia kana kwamba anakwenda kanisani.

"Samahani sana, jirani. Kila anayemshika mkono, barabara inamrefukia na yeye. Nami nina mtoto mmoja tu."

"Na mimi ninao wangapi?" Indu aliuliza.

Bi Doreen alianza kulia. Indu alimtazama akilia na hakumpa kitambaa. Baadaye alijuta kidogo, kwa kuwa mwanamke yule ndiye peke yake aliyejaribu, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufungwa.

Jitendra alisema wahamie Kingsbury. Alilisema asubuhi, unga umemganda kwenye nyusi, kabla hajavua viatu.

"Kule angalau tutakuwa na watu wetu."

"Kule barabara hazirefuki?"

"Sijui. Huenda zinarefuka. Lakini tutatembea wengi."

"Kisumu tulihama kwa sababu tulikuwa Waingereza," Indu alisema. "Hapa tuhame kwa sababu gani? Nimechagua nyumba hii kama mtu mwingine yeyote anavyochagua. Nilisimama pale langoni, nikatazama, nikapenda. Sihami."

"Mtoto anachoka, Indu."

"Naona anavyochoka. Mimi ndiye ninayemvua viatu."

Ranjan alikuwa kwenye ngazi, anasikiliza. Wiki hiyo alikubali kupanda basi. Alimwambia mama yake kwa Kiingereza, lugha aliyoanza kuitumia kwa mambo asiyotaka yajadiliwe, kwamba basi si baya, na kwamba miguu inamuuma.

Indu aliwaandikia halmashauri, akaenda ofisini kwao, akaenda tena. Alizungumza mpaka sauti ikamkauka. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa kiti, wakakubaliana naye kwamba barabara ni ndefu mno kwa mtu wa miguu. Mwezi wa Novemba walileta fundi, naye akaweka benchi la mbao karibu na daraja la reli, limepakwa rangi ya kijani, ili watokao mbali wapumzike. Jumapili moja Jitendra na mkewe walikwenda kuliona. Jitendra alilikalia, akasema limetengenezwa vizuri. Indu hakusema naye njia nzima ya kurudi, na njia ilikuwa ndefu.

Ranjan akawa anaondoka asubuhi na kurudi giza limeingia. Kule alikopelekwa walimweka darasa la watoto wasiojua Kiingereza, pamoja na wengine wote wa lile basi, akafundishwa majina ya matunda. Kengele ya mwisho ikilia basi linangurumisha injini, kwa hiyo hakuimba katika kwaya, hakucheza mpira wa wavu, wala hakuwahi kuingia nyumbani kwa mwenzake. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomuunguza mama yake: mtoto aliyekuwa na maswali njia nzima ya kwenda sokoni Kisumu, sasa anakula, anaosha sahani, anapanda kulala.

Usiku mmoja, akiwa anakunja soksi, Ranjan alisema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Tunapita pale kila siku."

"Pale wapi?"

"Shuleni. Ile ya hapa. Basi linapita langoni kwake."

Indu aliweka pasi chini. "Baada ya muda gani?"

"Tukishaondoka tu. Hata kukaa sijamaliza."

Asubuhi Indu alikwenda naye kwenye kona. Basi lilipokuja alipanda. Dereva, Mwingereza mnene aliyeitwa Tom, alisema wazazi hawaruhusiwi, lakini nyuma yake watoto walikuwa wakisukumana kuingia, na mwanamke aliyeajiriwa kuwasimamia alimwashiria dereva amwache. Mwanamke huyo alijifunga mtandio mweusi na alivaa koti zito la kiume. Aliitwa Ummukulthum. Alitoka Unguja miaka minne nyuma, baada ya mapinduzi, na Indu alipomsikia akiwatuliza watoto, neno moja la Kiswahili lilimponyoka kati ya maneno ya Kiingereza.

"Dada, mwambie dereva asimame pale shuleni," Indu alimwambia kwa Kiswahili.

Ummukulthum aligeuka. "Ala! Wewe wa wapi, mwenzangu?"

"Kisumu. Mwambie asimame."

"Nshamwambia. Siku ya mwanzo nshamwambia. Nkamwambia Tom, wewe, skuli hii hapa, watoto hawa wa hapa, tunawapeleka wapi? Akanambia pale hapana kituo." Alikuwa akihesabu vichwa huku akisema. "Mwanzo nlikuwa nikipita natoka machozi. Siku hizi napita tu. Kaa chini, bibie, lakata kona hili, utaanguka."

Basi likakata kona. Hapakuwa na viwanja vya kabichi wala daraja wala mabata. Nyumba namba kumi na tisa ilipita upande wa kushoto na mapazia yake, na papo hapo, kabla Ranjan hajaliweka begi lake mapajani, lango la shule lilikuwa dirishani, karibu kiasi kwamba Indu aliona kutu kwenye bawaba.

"Simama!" alimwambia dereva. "Simama hapa! Tumefika!"

"Siwezi, bibi," alisema Tom bila ukali. "Hapa si kituo."

Hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Hakuna mtoto aliyegeuza kichwa. Ranjan alikuwa anatazama viatu vyake, masikio yamemwiva kwa aibu. Indu aligonga kioo kwa kiganja, kisha kwa ngumi, akapiga kelele kwa Kigujarati, kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, akimtaja mtoto wake kwa jina lake lote. Pale langoni wasichana walikuwa wakiingia wawili wawili. Mmoja wao, mwenye fidla, alisikia kishindo akainua macho. Alimwona mwanamke ndani ya basi ananyanyua mkono, akadhani anasalimiwa, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, akampungia na yeye.