Kimya cha Mapigo Manne

Fundi cherehani alichora mistari mitano kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali ya mteja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na hakuwahi kusoma nota za muziki. Nyimbo alikuwa nazo tele. Kwa miaka kumi alikuwa akimwimbia mwalimu wa kwaya huku anashona, pini amezibana midomoni, na mwalimu anaandika. Juu ya kila karatasi likakaa jina la mwalimu. Mtunzi, alisema, ni yule anayeandika.

"Basi nitaandika," Fundi alijisemea, akatafuta kitabu cha wanaoanza.

Somo la tatu lilikuwa alama za kimya. Alipochora ile ya mapigo manne, feni ilizunguka bila sauti, cherehani ikashona bila sauti, na mtaa mzima ukanyamaza kwa mapigo manne kamili. Kisha kelele zikarudi. Fundi alifuta akachora upya, maana alama ilikaa kwenye mstari usio wake.

Jirani alichungulia dirishani. "Mama, nichoree kama kumi hivi mfululizo. Mtoto amegoma kulala."

"Subiri mkono uzoee. Hii yenyewe inanitoa jasho."

Alisoma hivyo miezi saba, akikosea na kufuta, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi. Wimbo ulipokamilika aliandika jina lake mwenyewe juu, akampelekea mwalimu. Mwalimu aliusoma, akasema umekaa sawa.

Siku ya kuuimba, ukumbi ulijaa. Kwaya ilipofika kwenye kimya, feni na watoto walinyamaza, na kutoka kwenye kabati la mwalimu pale ukumbini, alimoweka karatasi zile, zikasikika nyimbo zote za miaka kumi, kwa sauti ya mwanamke aliyebana pini midomoni. Watu walisikiliza hadi pigo la nne. Kisha kwaya ikaendelea.

Kwenye ratiba waliyogawiwa watu, mtunzi wa wimbo aliandikwa kuwa mwalimu.

"Zilishachapishwa, dada," alisema mwalimu. "Na si watu wameshakusikia?"

Ilimuuma Fundi, tena sana. Alirudi kwenye meza yake akafungua somo la nane: mistari miwili na nukta mbili, alama inayoamuru wimbo urudiwe tangu mwanzo. Akachonga chaki, akaichora mwishoni mwa wimbo wake mpaka ikakaa mahali pake.