Fomu Isiyo na Jina

Jumanne ile ya mwezi wa tatu ilikuwa zamu yangu ya kupika. Kituo chetu cha zimamoto ni kidogo, mji wenyewe una watu elfu nne, na mchana tulikuwa watatu tu: mimi, Kapteni Roxanne Pruitt, na Dewey Lusk, ambaye alikuwa amelala chini ya gari akitukana nati. Nilikuwa nakoroga sufuria ya maharage na nyama ya kusaga nilipomwona msichana amesimama kwenye mlango mkubwa, kavaa koti la baridi ingawa jua lilikuwa limetoka.

"Samahani," akasema. "Ninyi ndio mnapokea watoto?"

"Tunapokea, lakini njoo kesho," nikamjibu. "Jumatano ndiyo siku ya watoto. Tunawapandisha kwenye gari, wanapiga king'ora mpaka majirani watulaani. Unao wangapi?"

"Mmoja."

Akafungua vifungo vya koti. Ndani alikuwa amembeba mtoto mchanga, kafungwa taulo la bluu, kalala.

Miaka ishirini na sita nimefanya kazi hii. Nimetoa watu kwenye magari yaliyopondeka, nimewahi kumtoa ng'ombe kwenye bwawa la kuogelea. Lakini siku hiyo nilibaki na mwiko mkononi, mchuzi ukinidondokea kiatuni. Sheria ya jimbo letu la Ohio tulikuwa tumefundishwa: mzazi akileta mtoto asiyezidi siku thelathini, akamkabidhi kwa mtu wa zimamoto, polisi au hospitali, na mtoto hana dalili ya kuumizwa, hapo hapana kosa. Huulizi jina. Humfuati. Humzuii. Bango lenyewe lilikuwa ukutani tangu zamani, na hakuna aliyewahi kulitumia.

Roxanne alitoka ofisini bila haraka, kama mtu aliyekuja kuchukua kahawa.

"Habari, mwanangu. Ni wako?"

"Wangu."

"Ana siku ngapi?"

"Nne."

"Amenyonya?"

"Chupa moja saa moja asubuhi. Na nusu nyingine njiani."

Mimi nilikuwa namtazama yule msichana kidevu. Kwetu huwezi kumtazama mtu bila kutafuta ni wa ukoo gani. Ndiyo salamu yetu. Mdomo ukanitoka: "Binti, wewe ni wa nani vile—"

Roxanne akanikanyaga mguu. Kisigino chote.

"Mzee Verlin, chakula chako kinaungua."

"Hakiungui."

"Kinaungua, Verlin."

Nikaenda kusimama kando ya sufuria ambayo haikuwa inaungua.

Roxanne alimpokea mtoto. Msichana hakulia. Alimwonyesha namna anavyopenda kubebwa, kichwa kikiwa juu kidogo, maana akilazwa chali anacheua. Roxanne akamuuliza kama yeye mwenyewe anatokwa na damu nyingi, kama ana homa, kama alijifungulia pazuri. Akajibu kwamba yuko sawa. Akapewa bahasha yenye namba ya simu ya kupiga iwapo atabadili mawazo, pamoja na fomu ya afya ya familia, ya hiari, isiyo na mahali pa kuandika jina.

"Hii si lazima," Roxanne akamwambia. "Lakini itamsaidia akikua."

"Sisi ni wazima," akasema msichana. Aliitia bahasha mfukoni. "Nimejaribu siku zote nne, mama. Nataka ujue hivyo."

"Nimejua."

"Hana jina. Nilikuwa namwita 'wewe'."

Kisha akatoka. Tulisikia gari lake likiwaka, likazima, likawaka tena. Dewey alitoka uvunguni, uso mzima grisi. "Jamani, mbona kimya? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," akasema Roxanne. "Nenda kanawe, uniwashie ambulensi."

Nyumbani mke wangu Oleta alikwisha sikia. Mji wetu ni hivyo. Alinisubiri na sahani mezani.

"Ni binti wa nani?"

"Simjui."

"Wewe Verlin? Wewe unajua mpaka mbwa wa watu na babu za mbwa wao."

"Simjui, Oleta."

Na nilikuwa sisemi uongo, bado. Mtoto alipelekwa hospitali, akaonekana mzima, akachukuliwa na ofisi ya ustawi wa jamii, akapewa wazazi wa kulea katika wilaya nyingine. Huku kwetu likabaki suala la mdomo wangu tu, na watu wa duka la kahawa walinibana wiki nzima. Nilipowaambia sina habari walicheka. Mmoja akasema siku Verlin atakapokosa habari, mto utapanda mlima.

Wiki ya nne, Jumatatu mchana, msichana akarudi. Nilikuwa peke yangu nje nakunja mipira ya maji. Safari hii alikuwa analia, na shavu lake moja lilikuwa limevimba.

"Sikuja kumchukua," akasema haraka. "Nimetoka kwa daktari wa meno. Nilikwenda kung'olewa magego. Nesi akaniuliza, kuna mtu kwenu aliwahi kudhurika na dawa ya usingizi? Nikamwambia hapana, ila kaka yangu alifia hospitali akitolewa mafindofindo. Nesi akaweka kalamu chini, akamwita daktari."

Nikaacha mpira.

"Mimi nilikuwa na miaka mitano," akaendelea. "Nyumbani hatulizungumzi. Nilidhani alikufa tu, kama watu wanavyokufa. Daktari anasema mwili wake uliwaka kama jiko kwa sababu ya ile dawa ya kuvuta, na kwamba jambo hilo liko kwenye damu. Linarithiwa. Kwa hiyo huenda ninalo. Na yeye huenda analo. Na mimi niliwaambia sisi ni wazima!"

Hapo nikajua yeye ni nani. Katika mji wetu ni mtoto mmoja tu aliyewahi kufa hivyo. Alikuwa na miaka tisa. Jeneza lake nililibeba mimi na wenzangu watano, maana baba yake alikuwa anajitolea hapa kituoni, na mpaka leo ni rafiki yangu. Jumapili iliyopita tu tulikuwa tumekaa meza moja, akinilalamikia mashine yake ya kukatia majani. Binti yake nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu akiwa mdogo, maana mimi na baba hukutana duka la kahawa tu.

Naye aliniona nilivyobadilika uso.

"Umeshanijua," akasema.

"Ndiyo."

"Baba hajui kitu. Majira ya baridi yote nilivaa makoti."

"Mimi si mtu wa kumwambia. Njoo ukae, tuandike hiyo fomu."

Bahasha ilikuwa bado ndani ya koti, imekunjamana. Tulijaza pamoja kwenye meza ya jikoni. Yeye alisema na mimi nikaandika: mjomba wa mtoto, miaka tisa, upasuaji wa mafindofindo, joto kali, alifia chumba cha upasuaji, mama hajapimwa. Chini nikaandika kwa herufi kubwa kwamba mtoto asipewe dawa ya usingizi ya kuvuta kabla hajaonwa na mtaalamu. Alisoma mara mbili. Akaniuliza kama yeye ataambiwa lolote juu ya mtoto. Nikamwambia ukweli, kwamba sheria ilivyo, hapana. Akaitikia kwa kichwa. Alipokuwa anaondoka nikasema, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapima presha bure, na kwamba anakaribishwa yeyote.

Roxanne aliisoma fomu akiwa amesimama, kisha akapiga simu palepale ofisi ya ustawi wa jamii na kumweka ofisa kwenye spika. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya uchovu, Bi Marguerite Tackett. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kapteni," akasema, "huyu mtoto ana ngiri. Amepangiwa upasuaji baada ya wiki mbili. Kwa nusu kaputi."

Roxanne akakaa kitini.

"Nitawaambia madaktari leo leo," akasema Bi Tackett. "Lakini wakipata faili la huyo kaka itakuwa rahisi zaidi. Nani kaleta habari hii? Mnamfahamu?"

Roxanne akanitazama. Nami ningeweza kulitaja jina hilo hata nikiwa usingizini, pamoja na rangi ya nyumba yao.

"Mama," nikasema, "kama madaktari wakimchukulia kuwa analo hilo tatizo, faili linawaongezea nini?"

"Uhakika."

"Na wasipokuwa na uhakika?"

Akafikiri. "Watatumia dawa nyingine. Zipo. Ni usumbufu tu."

"Basi wasumbuke," nikasema. "Aliyeleta ni yule aliyemleta mtoto. Zaidi ya hapo sheria haituruhusu kuuliza, na mimi sikuuliza."

Akavuta pumzi ndefu. "Sawa. Nitumie nakala."

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Baba wa yule msichana alikuwa anakuja kunywa kahawa na mimi kama kawaida, na siku moja akaanza kumzungumzia yule mtoto wa kituoni, akasema anamhurumia, na mtu aliyemwacha anamhurumia zaidi. "Lazima alikuwa peke yake sana," akasema. Nilitaka kumshika mkono nimwambie. Nikaagiza kahawa nyingine. Nilimkasirikia hata yeye, bure, kwa kutoona kilichokuwa chini ya koti ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Bi Tackett hakuruhusiwa kuniambia neno. Lakini alimpigia Roxanne kuuliza jambo jingine kabisa la magari, na mwishoni akasema mtoto amepasuliwa kwa dawa za kuchoma mshipani na ameamka akidai chupa. Je, ile dawa ya kuvuta ingemuua? Hakuna ajuaye. Alikuwa mdogo mno kupimwa, watampima akiwa mkubwa. Wazazi waliokuwa wanamlea walikuwa wameomba kumwasili.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano walikuja wazee kumi na mmoja kupima presha, na yule msichana. Alikaa kitini akakunja mkono wa shati. Nikamfunga kitambaa cha kipimo, nikaanza kujaza upepo. Nyuma yake alikuwa bibi kizee mwenye masikio makali, kwa hiyo nilisema polepole nikiangalia saa ya kipimo.

"Ile kazi ya ngiri ilikwenda salama. Dawa walibadilisha. Amepata watu."

Mshale wa kipimo ulipanda. Aliinamisha kichwa, na nikamwacha na kitambaa mkononi muda mrefu kuliko inavyotakiwa, mpaka yule bibi akauliza kama mashine imeharibika.

"Haijaharibika, mama," nikamjibu. "Huyu binti alikuja anakimbia, nasubiri atulie."

Alipotulia nikampima tena, nikamwandikia namba kwenye kadi. Akaniambia amempata daktari wa kumpima hilo tatizo la damu, Columbus, na kwamba itabidi baba naye apimwe, kwa hiyo itabidi wazungumze.

"Utamwambia yote?"

"Nitaanza na habari za kaka," akasema. "Zingine nitaona nikifika."

Alimwambia yote, mwaka uliofuata. Najua kwa sababu baba yake alikuja kituoni siku hiyohiyo, akasimama mlangoni, akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikamwambia nilijua. Hakuniongelesha kwa miezi minne. Nilikuwa nakunywa kahawa yangu meza ya pili, namwona mgongo. Kisha asubuhi moja alivuta kiti akakaa, akaanza kulalamika juu ya bei ya mbolea. Nimebadilisha mambo mawili matatu katika kusimulia ili wasitambulike, na baba na binti wamekwisha hama.