Kiti cha Merv

Nilisikia ufagio kabla sijaliona banda. Shwaa, shwaa, vijiti vikikwaruza saruji. Nilikuwa bado kati ya mitofaa, kapu la keki mkononi, na ukungu wa mto Huon, hapa Tasmania, ulikuwa umemeza kila kitu mbele yangu. Sauti ilianzia kwenye dirisha la mashariki, ikapita tangi la maji lililo upande wa kusini, ikafifia karibu na mlango wa magharibi.

Nikasimama. Glenys hafagii hivyo. Kutoka dirishani huelekea kaskazini, kwenye mashine ya kuchambulia matofaa, kwa sababu ndiko jua la kwetu linakopita. Nikajiambia ukungu unapotosha masikio, nikaendelea na safari.

Nilimkuta amevaa sweta la marehemu mumewe, Merv, mikono imekunjwa mara mbili.

"Umechelewa, mshairi."

"Wewe ndiye umewahi kufagia."

"Mwenye goti bovu huanza mapema. Leta hizo keki. Zimeungua?"

"Kidogo. Chini."

"Wafu hawaangalii chini," alisema, akacheka peke yake.

Sisi ni wachawi. Silisemi neno hilo kwa kunong'ona, na anayetaka kulicheka alicheke nikiwa mbele yake. Haturogi mtu. Tunaamini ubaya unaoutuma hukurudia mara tatu, kwa hiyo hata mwenye hasira kama mimi hujifunza kufunga mdomo. Tunamheshimu Mungu wa kike na Mungu mwenye pembe, tunafuata mwezi, na mara nane kwa mwaka tunaadhimisha jua linavyozeeka na kuzaliwa upya. Jioni ile ilikuwa sikukuu ya wafu. Kundi letu lina watu kumi na mmoja. Tukizidi kumi na watatu, desturi inataka tugawanyike kama nyuki, kundi dogo litoke na malkia wake. Juu yetu yuko Glenys, kuhani mwanamke. Nje ya duara la ibada ni Glenys tu. Ndani ya duara tunamwita Bibi.

Ni yeye aliyeniingiza. Nilifika kwake nikiwa na miaka kumi na tisa, kijana aliyelelewa kwenye nyumba za watu, leo hapa kesho pale, nikagonga mlango nikidai kufundishwa siku hiyo hiyo. Akanambia ningoje mwaka na siku moja kama kila mtu. Nilimtukana. Nikangoja. Usiku wa kuingizwa alinipima kwa uzi mwekundu, kutoka utosini hadi kisiginoni, akafunga fundo la kichwa na fundo la moyo, akauweka uzi kwenye kopo lake la biskuti pamoja na za wengine. Uzi huo ni mimi. Hakuna mtu kabla yake aliyewahi kutaka kunihifadhi mahali.

"Morwenna kapiga simu tena," alisema, akiupanga mkate.

Morwenna ni dada yake, yuko Cornwall, Uingereza, alikotoka Glenys miaka mingi kabla sijazaliwa.

"Macho?"

"La kulia limekwisha. La kushoto linaona vivuli. Juzi kamimina maji ya moto nje ya kikombe, kajiunguza mkono. Ananificha, lakini mimi na yeye tulilala kitanda kimoja utotoni, atanificha nini?"

"Atafute mtu wa kumsaidia."

"Mtu ndiye mimi, Jarrah."

Nami nikiogopa husema kwa ukali. "Basi si uende!"

"Nitaendaje?" Alionyesha kiti kilichowekwa karibu na mlango, kiti cha mbao chenye mguu mmoja uliofungwa waya. "Huu ndio mwaka wa kwanza tangu Merv afe. Wafu hurudi pale walipowekewa sahani. Merv akija leo, na mwakani, na mwaka mwingine, amkute nani? Afike mlangoni kama mgeni, akute banda limejaa giza? Siwezi. Morwenna ana majirani. Merv ana mimi tu."

Nilifurahi. Nilijiinamia kwenye kapu ili asiuone uso wangu.

Merv alikufa wakati wa baridi iliyopita, katikati ya kupogoa miti. Alikuwa mkulima wa matofaa na kuhani wetu mwanamume, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Yeye na Glenys walikutana kwa ugomvi. Glenys alikuwa amewasili tu kutoka Uingereza, kafundishwa kuzungusha duara kwa kufuata jua, na jua la kwao hupita kusini. Akazungusha hivyo hivyo kwenye shamba la hapa Tasmania. Merv akainua mkono kama mtoto wa shule: "Samahani bibie, jua la hapa haliendi huko. Hapa hivyo ndivyo tunavyofungua duara, si kulifunga." Waligombana majira mazima ya baridi. Mwishowe Glenys akatoka nje asubuhi moja, akalitazama jua kutwa nzima akiwa amekaa juu ya kreti, jioni akasema, haya, umeshinda. Merv alipenda kusema kuwa alimshinda mara moja tu, na akamwoa ili asirudie kushindana.

Wenzetu walianza kuingia jua likiwa linazama. Noeline alitangulia, dereva wa basi la shule, sauti yake inafika kabla yake. Yeye ana daraja la tatu, la juu kabisa katika kundi, sawa na Glenys. Mimi nina la pili, lakini jioni ile nilikuwa nikishika nafasi ya Merv, na kichwani nilivaa pembe zake, pembe za kulungu alizoziokota milimani.

"Mama yangu weee!" Noeline alishika kiuno. "Mungu mwenye pembe! Mbona unafanana na kulungu aliyegongwa na lori?"

"Lori lako, labda."

"Basi langu halijagonga kitu. Lingegonga, lingeanza na wewe. Simama wima, zimelala kushoto. Merv alikuwa na kichwa kikubwa."

"Kilikuwa na vitu ndani," alisema mtu nyuma.

Glenys alicheka pamoja nao. Kisha akavua sweta, akajifunga mshipi juu ya kanzu yake, akachukua kisu cha mpini mweusi, na kicheko kikaisha. Alisimama dirishani, upande wa mashariki. Nilisimama nyuma yake na chetezo cha ubani. Hii ndiyo kazi ya kuhani mwanamume. Bibi huchora duara kwa ncha ya kisu, yeye humfuata na moshi, wengine wakisimama katikati bila kusema.

Akainua kisu. Akageuka kulia. Akaenda kusini.

Masikio yangu hayakuwa yamekosea.

Niliona Noeline akinitazama, macho yamemtoka. Desturi yetu hairuhusu mtu kumsahihisha Bibi akiwa na kisu, isipokuwa kuhani anayemfuata. Huyo anaweza kugusa bega lake. Huyo alikuwa mimi. Nilijua la kufanya na mkono wangu ulikuwa huru. Ningegusa, angeshtuka, angeomba radhi, angeanza upya, Merv angekuja kwa njia yake, na Glenys angekaa nasi mpaka tumzike chini ya mitofaa.

Lakini nilitazama miguu yake. Goti lile bovu halikuchechemea. Alikuwa anatembea kama msichana, tangini, kusini, magharibi, bila kuangalia chini, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba ya wazazi wake gizani. Nikaona ya kuwa sijawahi kumwona akitembea vile. Miaka yote hiyo alikuwa akizungusha duara letu kwa kukumbuka, kila hatua. Njia hii hakuhitaji kuikumbuka.

Sikumgusa. Nilimfuata na moshi.

Alipofika kwenye mlango wa magharibi, mbele ya kiti, alisimama mwenyewe. Akakishusha kisu.

"Nimekwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Alilitazama tangi, kisha dirisha.

"Nimeenda kwa njia ya nyumbani," alisema. Akanigeukia. "Na wewe ukaniacha?"

"Ulikuwa unatembea vizuri, Bibi."

"Merv hataingia kwenye duara lililopinda hivi. Mlango wake nimeufunga kwa mkono wangu."

"Merv?" Noeline hakuweza kujizuia. "Merv alikuwa anaingia jikoni kwangu kwa dirisha akinusa pai. Usimfundishe kuingia."

Watu walicheka, Glenys pia, huku anajifuta macho kwa mkono wa kanzu. Halafu akakishika kisu kwenye makali, akaninyooshea mpini.

"Zungusha wewe."

"Bibi, mimi ni daraja la pili."

"Aliyepewa kisu na Bibi anazungusha. Zungusha, Jarrah. Fungua nilichofunga, kisha funga kama yeye alivyotaka. Miguu yangu leo si ya kuaminika."

Nikazungusha. Kutoka mashariki nikaenda kaskazini, kwenye mashine ya matofaa, nikashuka magharibi, nikapita kusini, nikarudi dirishani. Pembe zilinilemea shingo. Katikati ya mzunguko nikaelewa kwamba kwa kunipa kisu kile alikuwa ananiaga, na nilitamani kukirudisha. Badala yake nikasimama mbele ya mlango na kusema wito ambao Glenys aliniambia niutunge kwa ajili ya jioni ile.

*Mlango tumefungua, njooni mloondoka,*
*Taa tumewawashia, msije mkapotoka,*
*Sahani imetulia, mkate umekatika,*
*Kiti kinawangojea, majina twayatamka.*

Kila mtu alitamka jina la mtu wake. Glenys alilitamka la mwisho, taratibu, kama anayemwita mtu chumba cha pili.

Chakula cha wafu huliwa kimya. Hata kijiko hakigongi sahani. Kwenye kiti cha Merv tulimwekea pai ya samakigamba yenye bizari, bia, na tofaa lililokatwa kwa upana ili nyota ya mbegu zake ionekane. Na mezani hapawekwi chumvi, maana chumvi husafisha, na tunafundishwa kuwa huwafukuza waliokufa.

Tulikula. Mvuke wa pai ulipanda, ukapungua, ukaisha. Glenys hakugusa chakula chake. Alikuwa anautazama mlango kwa namna ya mtu anayesikiliza kama gari limeingia uani. Nje hakukuwa na kitu ila matone yakidondoka kwenye mabati. Sikumwona Merv. Sijui wengine.

Kisha Glenys akasimama. Akaenda kwenye rafu, akachukua chupa ya chumvi, akarudi nayo, akaiweka kando ya sahani ya Merv, upande wa mkono wa kulia, akaisogeza kidogo tena. Noeline alifumba macho kama anayeumwa jino. Nami nilikumbuka kila mlo niliokula nyumbani kwao. Merv hakuwahi kuonja chakula kabla ya kukinyunyizia chumvi, na yeye Glenys hakuwahi kungoja aiombe.

Tulipolifungua duara, kelele zilirudi zote kwa pamoja, sahani na mzaha. Desturi yetu ni kuhani na Bibi kupeleka sahani ya wafu nje na kuimwaga chini ya mti. Tukatoka wawili. Ukungu ulikuwa umeinuka, na juu ya vilima bado kulikuwa na mstari mwembamba wa mwanga. Majani ya mitofaa yalikuwa yameloa chini ya viatu.

Alimwaga bia kwanza.

"Umeona miguu yangu," alisema.

"Nimeiona."

"Sikuipangia. Nakuapia."

"Najua."

"Morwenna hatanisamehe nikimwacha afe gizani peke yake. Na Merv je? Unaniambia nini wewe mwenye maneno mengi?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilitaka kumwambia abaki. Nilitaka kumwambia kuwa Cornwall hakuna anayejua keki zake za asali, na kuwa mimi nikigonga mlango wake nikaukuta umefungwa sitakuwa na mlango mwingine wa kugonga. Yote yalikuwa tayari mdomoni.

"Noeline anaweza kukalia kiti chako," nilisema.

"Anaweza. Atapiga kelele, lakini anaweza. Nyuzi zenu nitamwachia yeye, kopo zima."

"Wangu usimwachie."

Alinitazama. "Desturi..."

"Wangu nenda nao. Uweke popote huko. Chini ya mto wa kulalia, kwenye droo, sijali. Nataka uwe nao wewe."

Aliinama, akaiweka pai chini ya mti kwa mikono miwili, goti likalia, nikamshika kiwiko mpaka aliposimama. Hakuniachia mkono.

"Atakuja mwakani," alisema, akiangalia mlango wa banda. "Ni mtu wa kuchelewa. Kila mara nilimngoja. Nani atamngoja, Jarrah?"

Ndani Noeline alikuwa akiuliza kwa sauti kubwa ni nani aliyekula keki zote. Nilizivua pembe, nikazishika mkononi, kwa sababu sikutaka jambo hili liwe limesemwa na Mungu mwenye pembe wala kuhani, ila na mimi mwenyewe.

"Mimi," nilisema. "Kila mwaka majani haya yakianguka, nitakiweka kiti chake karibu na mlango. Nitazungusha kwa upande wa jua letu asipotee. Nitampa pai, nitampa bia, na chumvi nitaisogeza mkono wake wa kulia kabla hajaiomba, hata Noeline akinuna. Hatakuta giza. Nenda kwa dada yako, Glenys. Nakuahidi."