Salongo ya Kumpokea Madame Olive

Mashine ya Thaddée ilikuwa ikizunguka tangu msimu wa mpunga uliopita. Aliitengeneza kwa vipande vya pipa na dinamo ya lori, akaiweka kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, pale maji yanaposhuka kwa nguvu. Kijiji kilibeba mawe na kujenga kibanda chake. Umeme ukafika kanisani na kwenye nyumba za jirani, ukaishia hapo. Kuuvusha barabara hadi maternité kulihitaji nguzo na nyaya, na hizo hawakuwa nazo. Huko ndiko mkewe Charlotte, mkunga, alikoendelea kuzalisha wanawake huku ameibana kwa meno simu yenye tochi.

Kwa hiyo iliposikika kwamba serikali ya jimbo inasaidia vijiji vilivyojianzishia umeme, na kwamba Madame Olive wa ofisi ya nishati anakuja kujionea, hakuna aliyefurahi kumshinda Charlotte.

"Aone inazunguka tu," Thaddée alimwambia. "Ikizunguka, utapata taa yako."

Siku ya ugeni, Thaddée alikwenda hadi mji wa Luberizi kumpokea mgeni. Waliporudi na kushuka garini karibu na mfereji, akasikia asichotarajia: kimya. Mashine ilikuwa imesimama. Ndani ya mfereji, watu walikuwa na majembe, matope hadi magotini, wanaimba nyimbo za salongo, kazi ya pamoja ya kijiji.

"Héritier! Maji iko wapi?"

Héritier, msimamizi wa zamu za maji, alitabasamu kwa fahari. "Tumeifunga kule juu, Papa. Mugeni anakuja, tumuonyeshe mufereji muchafu? Kila mutu ametoka kwa salongo. Angalia, hakuna hata jani!"

"Weye! Mugeni anakuja kuona mashine, siyo matope!"

"Usilie, Papa Thaddée," mama mmoja alipaza sauti. "Tutakuzungushia hiyo kitu na mikono!"

Watu wakacheka. Charlotte hakucheka. Alikuwa katikati yao, jembe mkononi.

"Ni minye niliwaambia wasafishe," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka apate pazuri."

Thaddée alimtazama. Hasira yote ikamwishia. Akashuka mferejini na kumfuta tope shavuni kwa kidole gumba.

Dereva alimkumbusha Madame Olive kwamba lazima wafike Uvira kabla ya giza. Yeye alikuwa bado anawatazama watu.

"Hii kazi, nani anawalipa?"

Wakatazamana.

"Madame," Héritier alisema polepole, "mufereji ni yetu. Nani tena atatulipa?"

"Kuna mahali tulipeleka mashine mpya kabisa," alisema Madame Olive. "Niliporudi, majani yalikuwa yameifunika." Akavua viatu, akaketi ukingoni. "Fungueni maji. Nitangoja."

Vijana walikimbia kwenda juu. Mgeni alipewa ugali na samaki wadogo wa ndagala, akala bila haraka. Hatimaye maji yakaja, yakisukuma povu mbele yake. Gurudumu likatikisika, likasita, kisha likazunguka. Lakini jua lilikuwa la utosi, na kibanda kilikuwa na mianya kila upande. Watu wakabanana mlangoni kuitazama balbu iliyofungwa ndani, juu ya dinamo.

"Imewaka!"

"Wapi! Hiyo ni jua."

"Minye nimeiona!"

"Weye unaona hata usingizini."

Charlotte akafungua kitenge chake cha mabegani, akaifunika balbu pamoja na kichwa chake mwenyewe.

"Madame, ingia."

Madame Olive akainama, akaingia. Walio nje waliona migongo miwili tu na kitenge kinachotikisika.

"Naiona," sauti yake ilitoka ndani. "Maternité iko mbali?"

"Ukiita kutoka hapa, wanasikia."

"Basi nguzo na nyaya tutaleta sisi. Nyinyi mtachimba mashimo?"

Kabla Charlotte hajajibu, Héritier alikuwa ameshaweka jembe begani na watu wanamfuata kuelekea barabarani, na Thaddée yuko nyuma yao akiomba, "Héritier, subiri kwanza tupime!"