Mtungi wa Godelieve

Wifi yangu Godelieve hakuwa mvivu, na anayesema alikuwa mvivu aje aniambie mimi. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia, akatoka mapema. Hata hivyo kila siku alichelewa kufika kwenye nyumba ya kujifungulia alikojifunza ukunga. Kilichomchelewesha ni salamu.

Katika mji wetu wa Baraka, miaka ile ya hamsini, hupiti mbele ya ua wa mtu kimya kama mbuzi. Unasimama, unaulizwa mama, unaulizwa mguu wa mama, unaulizwa mihogo. Aliyetuzidi wote ni Bibi Zubeda wa nyumba ya mwisho. Akikushika mkono, hakuachii mpaka umemweleza habari za kuku wako.

Siku moja Madamu Suzanne, mkuu wa wakunga, akamwambia Godelieve kwamba akichelewa tena nafasi yake atapewa mwingine. Akarudi nyumbani analia. Nilikasirika, maana machozi hayafupishi njia.

"Ulishaona wapi muntu anasimamisha mwenye muzigo ku kichwa?" nikamwuliza.

Kesho yake akajitwika mtungi mtupu, tukaufunika kwa majani mabichi kama mtungi uliojaa maji. Watu wakamwita kutoka uani, "Pole na muzigo, mama!" naye akajibu bila kusimama. Aliwahi. Akawahi juma zima, na mimi nikaringa kama niliyezaa mapacha.

Ndipo huruma ikamshika Bibi Zubeda. Nilikuwa nyuma ya Godelieve na jembe langu nilipomwona anaingia njiani, mikono juu.

"Mutoto yangu, kila siku we unabeba tu! Leta nikutue, upumzike kidogo."

Mtungi ukanyanyuka kirahisi mno. Mkono wake ukapita kwenye majani, ukagusa chini pakavu. Kumdanganya mzee barabarani! Nani angemfungulia mlango tena?

"Koko, bibi yangu, unisamehe," Godelieve akasema, macho chini. "Banataka kunifukuza. Nachelewa kila siku."

Bibi Zubeda akapanga majani vizuri, akamtwika mtungi, akiguna kama anayepandisha gunia la mihogo. Roho yangu ikashuka mahali pake, nikacheka peke yangu.

Bibi alikuwa amegeukia nyumba za jirani, anapiga kelele:

"Ninyi bote, mumuachilie huyu mutoto apite! Hii mutungi ni muzito, hata miye imenishinda!"