Barua Mbili Zinazofanana

Mjini Holzhagen kila mtu alimwita Kapteni, ingawa jeshi lenyewe lilishindwa vita na kufa miaka kumi na moja nyuma na cheo kilizikwa nalo. Eckart Wiebusch alikuwa na shule ya udereva yenye gari moja, mwalimu mmoja na, wiki nyingine, mwanafunzi mmoja. Zamani aliamuru vifaru kumi na vinne. Sasa aliamuru waipa mbili za kioo cha gari, na moja haikuwa ikimsikia.

Alirudi kutoka kambi ya mateka wa vita Urusi akakuta mkewe, aliyeambiwa kwamba mumewe ni marehemu, ameolewa na daktari wa meno. Hakugombana. Mtu aliyepukutishwa meno sita na njaa ana lipi la kumwambia daktari wa meno?

Jumapili alikula peke yake baani kwa Ahlert, kwenye meza ya watu wawili karibu na mlango wa jikoni.

"Kapteni, niondoe hicho kiti cha pili?" Ahlert aliuliza. "Au bado unasubiri kikosi cha kukuokoa?"

"Kiache. Koti langu nalo limechoka kusimama."

Watu wakacheka, akacheka nao, kisha wakageukia meza zao wakamwacha na koti lake.

Lakini Alhamisi! Alhamisi saa kumi jioni alikuja Mama Rademaker, mjane wa muuza makaa ya mawe, mwenye miaka hamsini na moja na mikono kama koleo. Dereva wake wa lori alikuwa mlevi kupindukia, basi mama akaamua kuendesha mwenyewe. Kila wiki alileta keki ya siagi imefungwa kwenye taulo, na chupa ya kahawa, na mdomo.

"Dereva, kushoto!" Wiebusch alifoka, kama alivyozoea kufoka kwenye kipaza sauti cha kifaru.

"Nina jina mimi. Na masikio yangu mazima, tofauti na klachi yako."

"Dereva, gia ya pili!"

"Ningekuwa mkeo ningekimbia hata bila daktari wa meno."

Hakuna mwingine aliyethubutu kumtania hivyo, na hakuna utani aliousubiri kwa hamu kama huo. Siku sita alikuwa koti lililoning'inizwa. Ya saba alikuwa mtu.

Ndiyo maana alinyamaza. Siku ya kwanza, alipojaza fomu na kuandika jina Rademaker, kalamu ilimkwama. Jost Rademaker, mwana wa mama huyu, miaka ishirini, alikuwa dereva wa kifaru chake. Wiebusch mwenyewe ndiye aliyemwandikia mama huyo barua ya msiba, maana hiyo ilikuwa kazi ya kamanda. Alijiambia atamweleza wiki ijayo. Wiki zikafika kumi na saba. Akisema, Alhamisi zimekwisha. Hesabu hiyo aliijua vizuri.

Somo la kumi na nane mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Walifika kwenye njia ya shambani, nyuma ya kiwanda cha matofali, kujifunza kugeuza gari.

"Dereva, mbele. Mpaka kwenye uzio."

Mama Rademaker alitoa kichwa dirishani. "Kapteni, udongo huu ni laini."

Uso ulimkauka Wiebusch. Mkono wake ukashika mlango kama mtu anayetaka kuruka.

Mama akazima injini. Akafungua mkoba wake, akatoa barua mbili zilizochakaa mikunjoni, akazilaza juu ya usukani.

"Hii yangu. Hii ya jirani yangu, Mama Kolbe. Mwanawe alikuwa kwenye kifaru kingine, alikufa miezi mitatu baada ya Jost. Soma."

Hakuwa na haja ya kusoma. *Aliaga dunia papo hapo, bila maumivu, akipendwa na wenzake wote.* Aliandika barua thelathini na saba, zote kwa maneno hayohayo. Hakuwahi kufikiri kwamba wanawake wa mtaa mmoja hukaa jikoni wakasomeana.

"Ulijua tangu lini?"

"Sahihi yako, hiyohiyo ya kwenye barua, ipo kwenye bango la shule, Kapteni, kubwa kama ng'ombe. Nilikuja nione utasema lini. Nimekuokea keki kumi na nane."

Nje matone yaliendelea kudondoka kutoka kwenye waya za uzio.

"Jost alisema udongo ni laini," Wiebusch alianza, akitazama kioo cha mbele. "Mimi nilikuwa na haraka. Nikasema mbele. Tukazama mpaka juu ya minyororo ya magurudumu, wakatupiga. Nilikuwa juu, nikaruka wa kwanza, nikakimbilia mtaroni. Mguu wake ulibanwa. Aliniita, 'Kapteni, mguu wangu.' Zaidi ya nusu saa. Nilimsikia. Sikurudi."

Mama Rademaker alikunja barua ya Mama Kolbe, akairudisha mkobani. Akawasha gari, akaligeuza kwa mara moja, bila kuzima, bila kugonga kitu. Hakuwahi kuendesha vizuri hivyo. Keki ilibaki imefungwa kwenye taulo kiti cha nyuma, wala hakuna aliyeigusa.

Siku ya mtihani ilibidi wakae pamoja tena, maana mtahini hukaa nyuma na mwalimu hukaa kando ya mwanafunzi wake, kimya. Alifaulu. Mtahini alipokwisha kushuka, Mama aliiweka ile barua ya kwake kwenye paja la Wiebusch.

"Hii si yangu, ni ya kila mtu. Niandikie ya kwangu."

"Na ukishaisoma?"

"Nitakuwa nimeisoma." Akafunga mlango taratibu, akaenda zake.

Alhamisi saa kumi hapakuwa na mwanafunzi. Wiebusch alinunua keki ya siagi, akakata vipande viwili kwa mazoea, akavitazama. Barabarani lori la makaa lilipita, likabadili gia kwa ulaini, bila kupiga honi. Alisubiri mpaka mlio ulipopotea upande wa stesheni. Kisha akasogeza sahani, akachukua karatasi.

*Mama Rademaker,* aliandika. *Jost alinionya. Nilimsikia.*