Bunduki Iliyovaa Mfuko

Wendell alikuwa ameapa mbele ya baba mkwe wake, mzee Orval, kwamba Jumamosi ataenda kuwinda kulungu kwa bunduki aliyokuwa akiiunganisha mwenyewe gerejini. Ijumaa asubuhi, pini ya kushikilia vipande vya bunduki, ndogo kama kipande cha njiti ya kiberiti, ikakwama tunduni, nusu ndani, nusu nje. Akaigonga, akaipaka mafuta, akaibembeleza kama mtoto mgonjwa. Pini ikanuna tu.

Mkewe, Trudy, akachungulia. "Mume wangu, na huo mfuko je?"

Hapo ndipo Wendell alipoona. Ili springi zisiruke zikapotea, alikuwa akifanya kazi mikono ikiwa ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni. Sasa pini ilikuwa imeubana mfuko wenyewe tunduni. Wakauvuta wote wawili; ukarefuka, haukutoka.

Mzee Orval akaja kukagua. Akaizunguka bunduki mara mbili.

"Mkwe, umeiunganisha au umefunga zawadi?"

"Inanishinda kidogo tu, baba."

"Kidogo! Sikiliza. Kesho nitawinda mimi, wewe utabeba mikate yetu. Mfuko tayari unao."

Wendell akakubali upesi, kabla mzee hajafikiria kumwacha nyumbani.